Pori Lina Wenyewe

Jumamosi tarehe 23 Januari 1954, ndege ndogo aina ya Cessna 180 ilikuwa ikizunguka juu ya Maporomoko ya Murchison, Uganda, pale ambapo Mto Naili wote unabanwa kwenye mwanya wa miamba wenye upana wa kama mita saba hivi. Ndani walikuwa watu watatu: rubani Roy Marsh, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, na mkewe Mary. Safari ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa Mary. Walikuwa wametoka Nairobi kutazama maziwa na milima kutoka juu, na kupiga picha.

Rubani akashusha ndege kukwepa kundi la ndege wa angani. Akagonga waya wa simu ya zamani uliokuwa umeachwa tu ukining'inia. Mkia ukaharibika, na ndege ikaanguka kwenye vichaka, kilomita chache kutoka kwenye maporomoko. Mary alivunjika mbavu. Hemingway aliumia bega na mgongo. Wote watatu wakatoka hai.

Usiku huo walilala kwenye kilima. Chini mtoni kulikuwa na mamba na viboko, na tembo walikuwa wakipita karibu. Wakawasha moto. Redio ilikuwa imeita msaada na hakuna aliyejibu. Kesho yake ndege ya abiria ya shirika la BOAC ikapita juu, ikaona mabaki ya Cessna, haikuona mtu. Taarifa ikatumwa: hakuna dalili ya uhai. Magazeti ya Marekani na Ulaya yakaandika tanzia za Hemingway. Jamaa mwenyewe alikuwa hai, amekaa kilimani anauma meno kwa maumivu.

Hii story imesimuliwa mara nyingi sana. Wengi huimalizia kwa kicheko, kwa sababu baadaye Hemingway alifika Nairobi akakaa hotelini akisoma habari za kifo chake. Mimi inanivutia kwa sababu nyingine. Katika masimulizi karibu yote, kuna watu watatu na pori. Watu watatu, tembo, mamba, usiku. Ukisoma haraka unaamini kwamba pale hapakuwahi kuwa na mtu mwingine, na kwamba waliopona walipona kwa ubavu wao.

Sasa tuhesabu upya.

Waya waliogonga uliwekwa na watu. Kulikuwa na nguzo, kulikuwa na vibarua waliobeba zile nguzo, kulikuwa na njia. Asubuhi ya pili, waliona mashua ikipanda mto. Ilikuwa mashua ya abiria iliyoitwa Murchison, na siku hiyo ilikuwa imekodiwa na daktari mpasuaji Mwingereza, Ian McAdam, aliyekuwa akifanya kazi Uganda na alikuwa matembezini na familia yake. Ndiyo iliyowabeba hadi Butiaba, bandari ndogo kwenye Ziwa Albert. Mashua haijiendeshi yenyewe. Ilikuwa na nahodha na mabaharia, watu wanaoujua mto huo, wanaojua fungu la mchanga liko wapi na kiboko hujificha upande gani. Hao ndio waliookoa. Jina la daktari ninalo. La mwandishi ninalo. Hata la mashua ninalo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa mambo ni mabaya zaidi, maana hawa walikuwepo, na bado lao halipo.

Huko Butiaba balaa halikuisha. Rubani mwingine, Reginald Cartwright, alikuwa amekuja kuwatafuta kwa ndege aina ya de Havilland Rapide. Akawapakia jioni hiyo hiyo kuwapeleka Entebbe. Ndege ikakimbia kwenye uwanja wenye mashimo, ikanyanyuka kidogo, ikaanguka na kushika moto. Mary na Marsh wakapenya dirishani. Hemingway alikuwa mtu mnene, dirisha likamkataa, akaubomoa mlango kwa kichwa. Alipasuka fuvu na kuumia ini, figo na wengu. Wanaoandika maisha yake wengi hukubaliana kwamba hakupona kabisa. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka huo huo, akashindwa kwenda Stockholm kuipokea. Yaani pori alilala usiku mzima akaamka, kilichommaliza ni ndege ya uokoaji.

Lakini hebu turudi kwenye kile kilima. Kwa nini kulikuwa kutupu?

Jibu halihusiani na tembo. Eneo lile ni sehemu ya Bunyoro, ufalme uliopigana na Waingereza kwa miaka mingi chini ya Omukama Kabalega. Vita vile viliacha vijiji vimechomwa na mashamba yamekauka. Kabalega alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Baada ya vita ukaja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Inakadiriwa kwamba katika Uganda uliua watu zaidi ya 200,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya kikoloni ikaamua kuhamisha watu kwenye kingo za maziwa na mito. Watu wakaondolewa, nyumba zikaachwa. Wanyama wakaingia walikotoka watu. Mwaka 1910 sehemu ya nchi hiyo ikatangazwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 ikawa Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls.

Kwa hiyo Hemingway alipoanguka, mbuga ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili. Palipokuwa na moto wake usiku ule, wazee waliokuwa hai bado wangeweza kukumbuka nani alilima wapi. Pori lile lilikuwa na umri wa mtu mzima. Lilitengenezwa kwa bunduki, kwa ugonjwa na kwa amri. Idi Amin alipoyapa maporomoko jina la Kabalega miaka ya 1970, sababu zake zilikuwa zake, ila jina lenyewe lilikuwa na haki ya kuwa pale.

Mimi ni wa Sigor. Ile ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi. Hili hulazimika kulisema kila mara. Ukitoka Kericho unashuka na majani chai yamekatwa sawasawa kama nywele za askari, unapita Litein au Sotik, unazidi kushuka, chai inaisha, mahindi na ng'ombe vinaanza, jua linakuwa kali. Huko juu wanatuita watu wa soin, nyanda za chini. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo iligoma, na tangu hapo naandika vitu vya kulipwa kwa kila makala, nikisoma historia kwenye simu pale penye mtandao. Ndege ndogo za kwenda Mara hupita juu yetu. Ukiwa mtoto unazipungia mkono. Ukikua unaanza kujiuliza wanaona nini wakituangalia. Nadhani wanaona vichaka.

Najua kidogo kuhusu nchi kuitwa tupu. Huko juu Kericho, ardhi ya Wakipsigis iliyogeuzwa mashamba makubwa ya chai iliandikwa kwenye makaratasi ya kikoloni kama vile ilikuwa inasubiri mwenyewe. Na kuna historia ya Talai, ule ukoo wa viongozi wa kiroho, akina orkoiyot. Wakoloni waliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa. Mamia yao, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo liko Kaunti ya Homa Bay. Gwassi ilikuwa na mbung'o, na ilikuwa na malaria ambayo watu wa nyanda za baridi hawakuizoea. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Wengine walizikwa huko.

Kwa hiyo ukiniambia habari ya kuponea porini, mimi sifikirii kwanza mtu aliyeanguka na ndege. Namfikiria mama wa Talai aliyeshushwa Gwassi na watoto, hana ng'ombe wake, hajui mti gani ni dawa huko na upi ni sumu, na hakuna mashua inayokuja kesho asubuhi. Huyo naye aliponea porini. Tofauti ni kwamba yeye aliangushwa kwa sheria. Waliomsaidia akijua maji yako wapi, kama walikuwepo, lazima walikuwa wenyeji wa Gwassi, watu ambao kwao pale palikuwa nyumbani.

Pori la mmoja ni boma la mwingine. Ukilielewa hilo, historia za ajali za ndege katika upande wetu huu wa dunia unazisoma vingine kabisa.

Chukua Comoro. Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines nambari 961, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa ikija Nairobi. Vijana watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakuamini. Mafuta yakaisha juu ya Bahari ya Hindi. Akaishusha majini karibu na ufuo wa kaskazini wa Ngazija, mbele ya hoteli ya kitalii. Bawa la kushoto likagusa maji, ndege ikavunjika vipande.

Walikuwemo watu 175. Walikufa 125, wakapona 50. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mkenya Mohamed Amin, mpiga picha ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliifanya dunia nzima isimame. Alikuwa tayari amepoteza mkono mmoja kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991.

Kuna funzo moja la ajali hii ambalo kila anayepanda ndege angefaa kulijua. Abiria wengi walijaza hewa jaketi za kuokolea maisha wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi zikawanyanyua hadi kwenye dari, na mlango uko chini ya maji. Mtu mwenye jaketi lililojaa hawezi kupiga mbizi. Ndiyo maana wale wahudumu husema, na sisi hatusikilizi kwa sababu tunatafuta mkanda, kwamba jaketi hujazwa ukishatoka nje.

Waliotoka nje walikutana na nani? Na mashua. Watu wa kisiwani na watalii walikuwa ufuoni, wakaingia baharini kwa vyombo walivyokuwa navyo. Ufuo huo kwa mtu aliye angani ni mstari mweupe tu. Kwa wavuvi ni mahali pa kazi.

Miaka 13 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, ndege ya Yemenia nambari 626 kutoka Sanaa ilianguka baharini ikikaribia Moroni. Walikuwemo watu 153. Akapona mmoja: Bahia Bakari, msichana wa miaka 12 kutoka Ufaransa, aliyekuwa akija na mama yake kusalimia jamaa Comoro. Mama alikufa. Bahia hakuwa na jaketi, hakujua kuogelea vizuri. Alishika kipande cha ndege gizani, akabaki amekishika kwa saa zaidi ya tisa. Mwanzoni alisikia sauti za wengine. Baadaye hakusikia tena.

Aliyemtoa ni baharia. Meli ya watu binafsi, Sima Com 2, ilikuwa imetoka kutafuta. Walipomwona walimtupia boya, hakuweza kulifikia, nguvu zimeisha na mawimbi makubwa. Baharia mmoja akaruka majini akamfuata. Hapo ndipo maisha yalipookolewa, katika hiyo hatua ya mtu kuacha sitaha kavu na kuingia kwenye maji machafu ya mafuta ya ndege. Ulaya walimwita Bahia msichana wa muujiza. Sina ugomvi na muujiza. Ila muujiza ulikuwa na mikono miwili na ulijua kuogelea.

Halafu Bukoba. Hii wengi wetu tuliifuatilia kwenye simu, video zikiruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine. Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air nambari 494, aina ya ATR 42, ilikuwa ikitoka Dar es Salaam na watu 43. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ikaingia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa ndege. Wakafa 19, wakiwemo marubani wote wawili. Wakapona 24.

Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi. Dunia ikajua jina moja, Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyepiga kasia hadi kwenye ndege. Alijaribu pia kuwafikia marubani, akaumizwa, akajikuta hospitalini. Serikali ikampa shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo. Baadaye ukazuka ubishi kuhusu nani hasa alifungua mlango, yeye au mhudumu wa ndege aliyekuwa ndani.

Ule ubishi ulinichosha. Sikuona haja ya kuchagua. Mlango wa ndege inayozama unaweza kufunguliwa na mtu wa ndani, na bado waliotoka wakahitaji mtumbwi wa kupanda. Swali zito lilikuwa lingine: ikiwa uwanja wa ndege uko ukingoni mwa ziwa, kwa nini uokoaji wa dakika za kwanza ulitegemea watu waliokuwa wametoka kutafuta dagaa? Angalau Tanzania ilifanya jambo moja la maana, ikamtaja mvuvi kwa jina na kumwita kazini. Kwenye hadithi ya mwaka 1954 hilo halikumpitia mtu yeyote akilini.

Na sisi? Bomet ina ajali yake. Jumanne tarehe 10 Juni 2008, ndege aina ya Cessna 210 iliondoka uwanja wa Wilson ikielekea Kericho. Ndani alikuwa Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, Waziri Msaidizi na mbunge wa Sotik, pamoja na rubani na afisa wa usalama. Kesho yake kulikuwa na uchaguzi mdogo Ainamoi, kiti ambacho kilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake, David Kimutai Too, alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi Januari. Ndege haikufika. Ilianguka Enoosupukia, Narok. Hakuna aliyepona.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka redio ya Kikalenjin ikiwa juu kila nyumba, na watu wazima wamesimama barabarani bila kuongea, jambo ambalo kwetu ni nadra. Septemba mwaka huo mjane wa Kones, Beatrice, akachaguliwa Bomet, na dada ya Lorna, Joyce Laboso, akachaguliwa Sotik. Joyce baadaye akawa gavana wetu mwaka 2017, akafa kwa saratani Julai 2019. Kwa hiyo hiyo ajali haikuwa habari ya siku moja. Ilichora siasa za huku kwa zaidi ya miaka kumi.

Taarifa nyingi ziliita Enoosupukia eneo la mbali. Mbali na nani? Enoosupukia ni mahali ambapo Oktoba 1993 maelfu ya wakulima walifukuzwa katika ghasia za kisiasa, mashamba yakaachwa. Tena ule mtindo: watu wanaondolewa, kisha miaka ikipita mahali panaitwa pa mbali, panaitwa pori. Siku ya ajali palikuwa na watu tayari, wakazi wa hapo, na ni wao walioona ndege ikianguka.

Miaka kumi baadaye, tarehe 5 Juni 2018, ndege ya kampuni ya FlySax iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea ikiwa na watu 10. Ilipatikana siku mbili baadaye kwenye milima ya Aberdare. Wote walikuwa wamekufa. Zile siku mbili za kungoja ndizo zinazonisumbua. Siku mbili za ukungu na baridi, familia zimekaa kwenye ukumbi wa hoteli au uwanja wa ndege zikisubiri neno. Kama angekuwepo hata mmoja aliyepumua, siku mbili kule juu ni nyingi. Waokoaji duniani kote husema kaa karibu na mabaki, kwa sababu mabaki yanaonekana kirahisi kuliko mtu. Husema jikinge na baridi na mvua kabla ya kufikiria chakula, kwa sababu mwili hukaa wiki bila kula lakini baridi huua kwa usiku mmoja. Husema tafuta maji. Yote ni kweli. Lakini ushauri huo wote una nguzo moja: kwamba kuna mtu anakuja.

Na anayekuja kwanza karibu kila mara ni jirani. Helikopta hutoka mbali na hungoja ukungu uondoke. Jirani hutoka shambani na jembe mkononi. Anajua njia ya ng'ombe inayokatiza bondeni, anajua mto huu leo unavukika au la. Anachokosa ni vitu vidogo: kujua kwamba majeruhi wa mgongo habebwi kama gunia la viazi, kujua kuzuia damu, kujua kutokaribia mafuta yanayovuja na sigara, nambari moja ya simu inayopokelewa. Haya si mambo ya mabilioni. Chifu huita baraza kwa ajili ya vitu vingi vya kipuuzi zaidi. Vijana wa bodaboda wa Sigor ndio wanaobeba wajawazito na waliogongwa usiku kila wiki. Hao tayari ni kikosi, kimekosa tu mafunzo na mfuko wa dawa.

Badala yake, ajali ikitokea, mwanakijiji huwa na nafasi mbili kwenye habari. Ama ni shahidi asiye na jina anayesema alisikia mlio mkubwa, ama ni sehemu ya umati unaotawanywa na polisi kwa sababu unaharibu ushahidi. Wakati mwingine ni kweli unaharibu. Watu wanachukua vipande vya bati, wanapiga picha maiti, wanaiba simu. Nisiwapake asali watu wetu. Lakini umati huo huo una yule aliyefika kwanza, akavua koti akamfunika mtu, kisha akaondoka zake kukamua ng'ombe. Hakuna anayemuuliza jina.

Kwa hiyo kazi ambayo nimejipa, kazi isiyolipwa kwa sasa, ni ya kuuliza. Nimeanza na wazee wa huku kwetu, wale waliokuwa vijana Enoosupukia na kando ya Mara, wale wenye jamaa walioishi Gwassi. Naandika nani alifika wapi, alibeba nini, alimpa nani maji. Mara nyingi wananishangaa. Mzee mmoja aliniuliza, "Sasa hiyo nayo ni historia?" Nikamwambia ndiyo, mzee. Akafikiri kidogo, akaniambia nilete daftari kubwa zaidi.